Barua Niliyomwandikia Chiriku

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana najua wapo watakaosema najitakasa. Kosa langu ni kwamba nikimpenda mtu nampenda kijinga. Mama aliniambia tangu zamani kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, nami nikamjibu, "Mama, mimi nina tochi." Haya! Tochi yenyewe ilizimika mchana kweupe, nikiwa nimevaa blauzi ya kuazima mbele ya watu watatu wenye mafaili.

Mimi na Chiriku tulikuwa mwaka wa tatu, idara ya hali ya hewa. Chiriku ni jina la utani. Alipewa wiki ya kwanza chuoni kwa sababu mdomo wake hauna siku ya mapumziko, hata akipiga mswaki anaongea. Tulipangiwa chumba kimoja na hatukuachana tena. Pasi yetu moja, birika letu moja, sabuni ya kufulia tunakata nusu kwa nusu kwa uzi. Likizo alikuja kwetu, akamkuta baba yangu tanurini akiwa amepakaa udongo mpaka kwenye nyusi, akamwambia, "Shikamoo Baba," kama aliyezaliwa mle ndani. Baba akampenda papo hapo.

Baba ni mfyatua matofali, na adui yake mkubwa duniani ni mvua isiyobisha hodi. Tofali bichi likinyeshewa kabla ya kuchomwa linarudi kuwa tope, na kazi ya wiki nzima inakwenda na maji. Kwa hiyo nilipochaguliwa kusomea hali ya hewa, alitangaza mtaa mzima kwamba sasa mbingu itakuwa inamletea taarifa kupitia kwa binti yake. Mpaka leo akipiga simu hasemi hujambo. Anasema, "Mtabiri, leo nianike au nisianike?" Mara nyingi namjibu kwa kubahatisha, na mara mbili nimemlowanishia matofali elfu nzima. Hakunigombeza. Alisema tu, "Utajua ukisoma zaidi."

Sasa nafasi ya kusoma zaidi ikaja. Chuo kimoja cha ng'ambo kilitangaza kuchukua wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mwaka mmoja, kila kitu juu ya chuo, kwenye kituo ambacho mvua inafuatiliwa kwa rada wingu kwa wingu. Sisi rada tuliisoma kwenye kitabu kilichotolewa kopi juu ya kopi mpaka picha zikawa nyeusi tii. Mhadhiri alikuwa akituonyesha weusi ule na kusema, "Hapa ndipo mvua ilipo." Nilikitaka kile chuo mpaka tumbo likaniuma. Siongezi chumvi, nilikwenda zahanati wakanipa dawa ya vidonda.

Tulijaza fomu pamoja, kila mmoja akimsomea mwenzake. Tulipiga picha za pasipoti siku moja, na Chiriku akasimama nyuma ya mpiga picha akinikodolea macho ili nicheke, nikaonekana kama mtu aliyemeza nzi. Tulishagawana na vitanda vya huko tusikokujua: yeye dirishani, mimi karibu na mlango. Habari zilikuwa kwamba kila idara itatoa watu wawili, na kwa alama zetu, hao wawili ni nani kama si sisi?

Ilibaki barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wa idara. Hapa inabidi mvumilie niwaeleze mambo ya idara yetu, kwa sababu sidhani kama yapo kwingine.

Mkuu wetu, Dokta, kwa siri tulimwita Bwana Muhuri. Hajawahi kuandika barua ya mwanafunzi tangu dunia iumbwe. Zamani aliwaambia wanafunzi wajiandikie wenyewe, yeye atie saini. Lakini masharti ya vyuo vya nje yanasema barua iwe ya siri, mwombaji asiione. Dokta ni mtu wa kufuata masharti, akatafuta dawa: mwombaji asijiandikie, aandikiwe na mwanafunzi mwenzake. Mwenzako anaandika, anampelekea Dokta mwenyewe, Dokta anatia saini bila kusoma, karani anaifunga kwenye bahasha na kugonga muhuri juu ya gundi. Siri imetunzwa! Wanafunzi wakauita utaratibu huo kukunana mgongo, kwa kuwa mgongo wako mwenyewe huufikii. Miaka kumi na mbili mambo yalikwenda hivyo na hakuna aliyelalamika.

Mimi nimwandikie Chiriku, Chiriku aniandikie mimi. Hata hatukujadiliana.

Jumatatu ya wiki ile nilipita ofisini kwa karani wa idara kuchukua nakala ya matokeo yangu. Karani ni mama mmoja mkarimu sana, ila siri kwake haikai, inapita tu. Akanivuta mkono. "Mwanangu, nikuambie kitu usimwambie mtu. Wamepunguza. Idara yetu nafasi ni moja."

Nilitoka pale. Nikaamua nisimwambie Chiriku. Yule akikata tamaa anakata kwelikweli, angeacha hata kumalizia fomu. Nikasema acha aombe kwa moyo wake wote, Mungu ndiye atakayechagua.

Jumatano nikakaa kumwandikia. Na hapa nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Shetani alivuta kiti akakaa nami. Niliandika, "Ni mwanafunzi wa wastani mwenye bidii," nikaitazama ile sentensi. Haikuwa tusi. Ingetosha kabisa kumzuia. Kisha nikamkumbuka Chiriku mwaka wa kwanza, nilipougua malaria, akininyanyua kichwa na kuninywesha uji kwa kijiko huku akinisimulia umbea wa bweni zima ili nisilale kabla ya kumeza dawa. Nikafuta. Nikaandika kurasa mbili. Nikaandika kwamba huyu ni mwanafunzi ambaye akisema mvua itanyesha, beba mwavuli. Nikaandika kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata mtu mwaminifu kama yeye, na kwamba ningemwachia funguo za nyumba yangu nikaondoka bila kugeuka nyuma. Yaani Dokta aliyekuwa ndani yangu alimsifu mpaka nikalia mwenyewe.

Chiriku aliandika yangu siku hiyo hiyo, upande wa pili wa meza, ametega mkono nisione. "Usichungulie wewe! Barua ni siri!" Nikacheka.

Wiki mbili baadaye tukaitwa kwenye usaili, ofisini kwa wawakilishi wa kile chuo cha ng'ambo. Chiriku aliniazima blauzi yake nyeupe, akainyoosha kwa mkono wake, akanifunga kifungo cha juu. Yeye ndiye aliyeanza kuingia. Alikaa humo nusu saa, akatoka uso unang'aa.

"Wamesoma barua yangu!" alininong'oneza. "Yule mama wa katikati amesema hajawahi kuona mwalimu akimsifia mwanafunzi namna ile. Wewe mtu wewe, uliandika nini?"

Akanikumbatia. Alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida, nami nikadhani ni furaha.

Nikaingia. Mama wa katikati alikuwa na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Kushoto kwake mzee mwenye upara, kulia kijana wa kuandika. Waliniuliza maswali ya shinikizo la hewa, nikajibu. Waliniuliza kwa nini nataka kwenda, nikawaeleza habari za matofali, mzee wa upara akatabasamu. Nikaanza kujiona niko kwenye ndege.

Mama akavaa miwani. "Tuna jambo moja kwenye barua ya Dokta wako. Anasema, nanukuu: 'Ni mwanafunzi hodari. Hata hivyo inafaa ieleweke kwamba anahitaji kusimamiwa kwa karibu anapochukua vipimo. Imewahi kutokea akajaza takwimu za asubuhi tatu bila kufika kituoni.' Unasemaje?"

Jamani. Niliwahi kuanguka kwenye ngazi nikakata pumzi, lakini hii ilikuwa zaidi.

Nyuma ya maktaba yetu kuna kituo cha vipimo. Kila wiki mwanafunzi mmoja ana zamu: saa tatu kamili asubuhi anasoma kipimamvua na vipimajoto, anaandika daftarini. Mwaka wa pili, wiki ya zamu yangu, baba alianguka kutoka juu ya tanuri akavunjika nyonga. Nilipanda basi siku ile ile bila kumkabidhi mtu zamu. Chiriku alikuwa kwao kwenye harusi ya dada yake. Asubuhi tatu nilikaa kando ya kitanda cha baba hospitali, naye ameshika kidole changu kimoja kama mtoto, akiogopa kisu cha daktari. Niliporudi, mistari mitatu ya daftari ilikuwa mitupu. Nikamwambia Chiriku, na Chiriku huyo huyo akasema, "Jaza tu! Jua lilikuwa lile lile, nani atapungukiwa?" Nikajaza. Kwetu sisi kuandika kipimo ambacho hukukichukua ni sawa na mpishi kutemea chungu. Usiku nilishindwa kulala, nikalia, akanishika mkono. "Siri yako ni yangu," alisema. "Tutazikwa nayo."

Duniani nilikuwa nimemwambia yeye peke yake. Na hayo maneno "inafaa ieleweke kwamba" yamo kwenye kila insha aliyowahi kuandika.

"Ni kweli," nikamjibu yule mama. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikawaeleza habari za hospitali.

Mzee wa upara akainamisha kichwa. "Na Dokta alijuaje?"

Sasa hebu niambieni, mngejibu nini? Ningesema hakuandika yeye, aliandika mwenzangu aliyetoka hapa sasa hivi, na yake niliandika mimi, basi tungetupwa nje wote wawili. Nikatazama mikono ya blauzi yake ilivyonyooshwa vizuri.

"Nilimwambia mwenyewe," nikasema. Nikamfichia! Mtu amenichoma kisu, nami nafuta damu asionekane!

Yule mama alivua miwani. Hakuwa na sura mbaya. "Kwetu kipimo ni kila kitu, binti. Majibu ni Ijumaa. Kama Dokta ana maelezo ya kuongeza, yatufikie kabla ya Alhamisi jioni."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta. Nilimkuta anamenya chungwa juu ya mitihani yetu. Nikamsomea nilichosomewa.

"Kwani niliandika hivyo?" akauliza.

"Dokta, hukuandika wewe."

"Shh!" Akaamka akafunga mlango. "Saini ni ya nani?"

"Yako."

"Basi niliandika mimi. Nikianza kusema sikuiandika, barua zangu za miaka kumi na mbili zitafungiwa karanga. Na mwenzako naye atakwama. Unataka mwenzako akwame?" Akatafuna kipande cha chungwa, akanitazama. "Halafu, binti, ni uongo?"

Hilo ndilo lililoniuma zaidi: alichoandika Chiriku kilikuwa kweli tupu, na nilichomwandikia mimi ndicho kilichogeuka uongo.

Siku zilizofuata nilimpa nafasi aseme mwenyewe. Naapa nilimpa. Jumanne jioni akaniuliza, "Ilikuwaje?" Nikamjibu, "Waliniuliza mengi." Akanyamaza. Chiriku, akanyamaza! Jumatano alifua nguo zangu pamoja na zake bila kuombwa. Nilimtazama akianika shuka langu, akilikung'uta, akilivuta ncha na ncha, na chuki ikanipanda mpaka shingoni. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakufulii shuka baada ya kukupiga.

Alhamisi niliandika maelezo yangu, ukurasa mmoja: nani alimwandikia nani. Nikayapeleka mpaka mlangoni pa ile ofisi ya usaili. Saa kumi kasoro. Mlinzi akaniuliza, "Una shida gani, dada?" Nikasimama pale kama nguzo. Nafasi nisingeipata hata hivyo, aliyejaza vipimo bado ni mimi. Ningemvuta tu tuzame wote. Sehemu yangu moja ilitaka hivyo, nisiwadanganye, ilitaka sana. Nikamwambia mlinzi nimekosea mlango. Njiani nikaichana ile karatasi, na hasira ikabaki nzima.

Ijumaa jina lililobandikwa ubaoni lilikuwa moja. Chiriku alipiga ukelele, akaruka, kisha akageuka akaniona. Mikono yake ikashuka polepole. Nikampita nikaenda zangu.

Simu ikalia nikiwa kwenye korido ya bweni. Baba.

"Mtabiri! Tuanike au tusianike?"

"Sikupata, baba. Nafasi ilikuwa moja."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nyuma yake majembe yanapiga udongo. Ningemwambia nini? Kwamba kilichoniangusha ni zile asubuhi tatu aliponishika kidole? Angejilaumu mpaka kaburini.

"Amepata nani?"

"Chiriku."

"Aa!" Sauti ikachangamka, tena kwa dhati, mzee wa watu. "Basi haijatoka nje ya nyumba. Mwenzako akipata ni kama umepata wewe. Mwambie Baba anampa hongera. Mwambie akavae nguo nzito huko, kuna baridi."

Nikasema nitamwambia.

Nilimkuta chumbani amekaa juu ya kitanda chake, mikono magotini. Sikuketi.

"Baba anakupa hongera," nikamwambia. "Anasema haijatoka nje ya nyumba. Na uvae nguo nzito."

Uso ukamwanguka. "Usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini? Nakufikishia salamu. Inafaa ieleweke kwamba nimetumwa tu."

Hapo akajua kwamba najua.

"Sikusema uongo," akasema.

"Hukusema. Ulichukua kitanda cha hospitali cha baba yangu ukakitia kwenye bahasha. Ulipokuwa unaandika, mimi nilikuwa upande wa pili wa meza ile ile. Ulinitania nisichungulie!"

"Nafasi ilikuwa moja!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na machozi yanamtoka. "Karani aliniambia Jumatatu, nafasi ni moja! Wewe una alama kunizidi. Una baba anayekuita mtabiri. Mimi nina nini? Nikirudi kwetu narudi kuuza vocha dukani kwa mjomba. Nikaogopa, basi! Niliogopa! Na wewe ni rahisi kunihukumu kwa sababu hukujua. Ungejua kwamba ni mimi au wewe, usingeniandikia barua ile. Hakuna mtu angeandika. Mtu yeyote angefanya nilichofanya mimi."

Niseme kweli, nilitaka kumpiga. Nilitaka kutoa kila neno chafu nililojifunza tangu shule ya msingi, na ninayo mengi. Lakini alikuwa ananitazama kwa tumaini, kama anayesubiri nikubali. Alihitaji nikubali. Alikuwa amelala zaidi ya wiki mbili juu ya wazo hilo moja, kwamba na mimi ningefanya vile vile.

"Nilijua," nikamwambia.

"Ulijua nini?"

"Karani aliniambia Jumatatu. Barua yako nikaiandika Jumatano."

Chiriku akainama akajifunika uso na kulia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia, cha chini, cha tumboni. Na mkono wangu, mjinga kama mwenyewe, ulikwisha kunyooka kwenda kumshika bega kabla sijauzuia.